"Haki ya Uzazi" au "Haki za Uzazi"? Maandishi ya Wanawake Weusi wa Marekani na Tatizo la Istilahi

UTANGULIZI

Mnamo mwezi wa Juni 1994, wanawake weusi 12 walikutana mjini Chicago, Marekani, kujadili mageuzi ya huduma za afya yaliyokuwa yamependekezwa na serikali ya Rais Bill Clinton. Waliona kwamba afya ya uzazi ilikuwa imewekwa kando katika mageuzi hayo, na kwamba wengi wa waliojiita watetezi wa wanawake walizungumza juu ya jambo moja tu, yaani uhuru wa mwanamke kuitoa mimba asiyoitaka. Wanawake hao hawakuupinga uhuru huo. Walichosema ni kwamba haukutosha. Waliunganisha dai la haki za uzazi na dai la haki katika jamii nzima, wakaunda istilahi mpya ya Kiingereza: 'reproductive justice'. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo tamko lao, likiwa na saini zaidi ya 800, lilitangazwa katika Washington Post na Roll Call.

Istilahi hiyo imekwisha kuvuka bahari. Imefika Afrika Mashariki kwa njia ya ripoti, semina na vitabu vya mafunzo, na katika Kiswahili hufasiriwa mara nyingi kuwa 'haki za uzazi'. Tatizo ni kwamba 'haki za uzazi' ndiyo tafsiri iliyozoeleka ya 'reproductive rights', yaani istilahi ile ile ambayo wanawake wa Chicago waliiona kuwa ni pungufu. Basi msomaji wa Kiswahili huambiwa kwamba wanawake hao waliondoka kwenye haki za uzazi wakaelekea kwenye haki za uzazi. Safari yote imefutwa na mfasiri.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba tofauti iliyodaiwa mjini Chicago haikuwa mchezo wa maneno. Ilikuwa imekwisha kukomaa katika maandishi ya wanawake weusi kwa muda wa zaidi ya miaka 20, na mizizi yake imo katika historia yao. La pili ni kwamba Kiswahili kina nyenzo zake chenyewe za kuieleza tofauti hiyo, ila mfasiri hana budi kuisikiliza sarufi ya lugha yake kabla ya kuiandika ya wengine.

HISTORIA ILIYOLIZAA DAI

Maandishi yatakayohakikiwa hayaeleweki bila ya kujua yalikotoka. Mnamo 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria iliyosema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenye shamba. Kwa sheria hiyo tumbo la mwanamke mweusi liligeuzwa kuwa chanzo cha mali ya mtu mwingine. Na baada ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kuanzia 1808, thamani ya mali hiyo ilizidi, kwani watumwa wapya sasa walitegemewa kutoka katika uzazi wa wanawake waliokwisha kuwako.

Tiba nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Kati ya 1845 na 1849, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa waliokuwa na fistula, bila nusukaputi, akitafuta namna ya kuutibu ugonjwa huo. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30. Sims alipewa heshima ya kuitwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, na sanamu yake ilisimama katika bustani ya Central Park, New York, hadi Aprili 2018 ilipoondolewa.

Katika karne ya 20 shuruti iligeuka upande. Uzazi wa mwanamke mweusi, uliokuwa ukitafutwa wakati wa utumwa, sasa ulianza kuogopwa. Mnamo 1961 Fannie Lou Hamer, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wa harakati za haki za kiraia huko Mississippi, alikwenda hospitali kuondolewa uvimbe, akatoka akiwa ameondolewa kizazi bila ya idhini yake. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba wenyeji walilibandika jina la kejeli, wakaliita upasuaji wa kidole tumbo wa Kimississippi. Mnamo 1973 iligunduliwa kwamba wasichana wawili wadogo wa familia ya Relf, wenye umri wa miaka 14 na 12, walikuwa wamefungwa kizazi mjini Montgomery. Mama yao, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ametia alama ya mkasi katika karatasi akidhani anakubali wadungwe sindano.

Mwaka huo huo wa 1973 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu ya Roe, iliyoulinda uhuru wa kutoa mimba. Wanawake wengi weupe waliipokea hukumu hiyo kuwa ndiyo mwisho wa safari. Kwa wanawake weusi ilikuwa nusu ya safari, kwa sababu waliokuwa wamelazimishwa kuzaa na waliokuwa wamezuiliwa kuzaa walikuwa watu wale wale, wa ukoo ule ule.

SAUTI ZA MWAKA 1970

Katika mwaka wa 1970 Toni Cade Bambara alihariri mkusanyo uitwao The Black Woman. Insha mbili katika mkusanyo huo zinahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Ya kwanza ni ya Frances Beal, juu ya hatari maradufu ya kuwa mweusi na kuwa mwanamke. Beal anautazama ufungaji wa vizazi kwa macho ya uchumi wa kisiasa: mwili wa mwanamke maskini asiye mweupe, huko Puerto Rico na kwingineko, umefanywa kuwa uwanja wa majaribio na wa siasa za idadi ya watu. Nguvu ya insha hii ni kwamba haimtenganishi mama na mfanyakazi. Udhaifu wake ni ule wa maandishi mengi ya harakati: mwanamke anayeelezwa ni wa jumla mno. Hana jina, hana mtaa, wala hasemi neno lake mwenyewe.

Ya pili ni ya Bambara mwenyewe, kuhusu vidonge vya kuzuia mimba. Wakati huo baadhi ya wanaume wanamapinduzi weusi walikuwa wakidai kwamba vidonge hivyo ni njama ya kuwamaliza watu weusi, na kwamba wajibu wa mwanamke ni kuvitupa na kulizalia taifa wapiganaji. Bambara hakatai kwamba njama zipo. Anachokataa ni kumwachia mtu mwingine uamuzi. Anauliza swali ambalo wazungumzaji wa mikutanoni hawakuwa wamelijibu: mtoto huyo akizaliwa atalelewa na nani, kwa chakula gani, katika nyumba ya namna gani? Hapo ndipo insha yake inapowapita wenzake. Mjadala ulikuwa juu ya kuzaa. Bambara ameuhamishia kwenye kulea. Neno la 1994 lilikuwa bado halijazaliwa, lakini mimba yake imo katika swali hilo.

Miaka 11 baadaye, Angela Davis alichapisha Women, Race and Class (1981). Sura yake juu ya ubaguzi wa rangi na uzazi ni kazi ya historia zaidi kuliko insha. Davis anaonyesha jinsi wanaharakati wa awali wa upangaji wa uzazi walivyoungana na nadharia za kuboresha kizazi cha binadamu, na jinsi jambo lililodaiwa kuwa haki kwa wenye mali lilivyogeuzwa kuwa wajibu kwa maskini. Anaeleza pia kwa nini wanawake wengi weusi hawakujitokeza katika kampeni za kudai uhuru wa kutoa mimba. Si kwamba hawakuuhitaji. Walisita kuandamana na watu waliokaa kimya juu ya kufungwa kwa vizazi. Na baada ya Marekebisho ya Hyde ya 1976 kuzuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba wa wanawake maskini, fedha za kufunga vizazi ziliendelea kupatikana. Maskini akaachiwa mlango mmoja tu, nao ulikuwa unafungwa kwa nje.

Hoja ya Davis ni imara na haijapata kupinduliwa. Hata hivyo, mhakiki anaweza kulalamikia jambo moja. Davis anawasema wanawake hao kupitia kumbukumbu za mahakama na taarifa za idara. Wao wenyewe wanasikika kwa nadra. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na tanzu nyingine.

RIWAYA NA SIMULIZI

Riwaya ya Toni Morrison, Beloved (1987), imejengwa juu ya tukio la kweli. Mnamo 1856 Margaret Garner alitoroka utumwani Kentucky, akavuka mto hadi Ohio, na alipokaribia kukamatwa akamwua mtoto wake ili asirudishwe utumwani. Wahakiki wengi wameshughulikia mauaji hayo. Kwa mada hii, lakini, tukio lenye uzito zaidi ni jingine. Kabla ya kutoroka, Sethe, mhusika mkuu, alishikwa kwa nguvu na vijana wa shambani wakamkamua maziwa yaliyokuwa ya mtoto wake mchanga. Aliposhtaki, akachapwa hata mgongo wake ukapasuka. Miaka mingi baadaye anapomsimulia Paul D habari hiyo, Paul D anauliza juu ya mijeledi. Sethe anarudi kwenye maziwa. Paul D anashangazwa tena na mijeledi. Sethe anarudi tena kwenye maziwa.

Katika kutosikizana huko Morrison amelieleza jambo ambalo sheria haikuwa na jina lake. Mwanamume, ingawa naye amekuwa mtumwa, anaujua ukatili unaofanyiwa mwili. Sethe analia juu ya ukatili uliofanyiwa ulezi. Hakunyimwa kuzaa, kwani alizaa watoto wanne. Alinyimwa kuwanyonyesha kwa amani. Orodha ya haki inayoishia pale mtoto anapotoka tumboni haina mstari wa kuyaandika maziwa ya Sethe. Fani na maudhui hapa ni kitu kimoja: marudio ya mhusika ndiyo hoja ya mwandishi.

Miaka miwili baadaye, 1989, ilitoka Motherwit, simulizi ya maisha ya Onnie Lee Logan, mkunga mweusi wa Mobile, Alabama, kama alivyomsimulia Katherine Clark. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi hiki ni kitabu cha thamani kubwa. Logan anaeleza kazi ya wakunga weusi wa Kusini, waliozalisha weusi na weupe maskini katika sehemu ambako daktari hakufika, au alifika kwa wenye fedha tu. Anaeleza pia jinsi ujuzi wao ulivyopewa vyeti, ukasimamiwa, na mwisho ukapigwa marufuku. Mkunga wa Logan hamwachi mama baada ya kitovu kukatwa. Hupika, hufua, huwaangalia watoto wakubwa. Hadithi ya Sethe inaonyesha ulezi ulioporwa. Hapa pana ulezi uliolindwa na jirani, kisha ukaondolewa na serikali bila ya kitu kingine kuwekwa mahali pake.

Yafaa pia kuuliza swali ambalo kila mkusanyaji wa simulizi hana budi kujiuliza: je, sauti hii ni ya nani? Logan alisema, Clark alirekodi, akapanga, akaandika. Clark amejitahidi kuhifadhi lahaja ya msimulizi, na kwa hilo anastahili shukrani. Lakini mpangilio wa sura ni wa mwandishi aliyesoma chuo kikuu, na msomaji makini atauhisi mshono.

DOROTHY ROBERTS NA NADHARIA YA HAKI

Kazi iliyoyakusanya yote haya katika hoja moja ni Killing the Black Body ya Dorothy Roberts, iliyochapishwa mnamo 1997, mwaka ule ule ambapo jumuiya ya SisterSong iliundwa na vyama 16 vya wanawake wasio weupe ili kuieneza istilahi ya Chicago. Roberts ni mwanasheria. Anaanza na utumwa, anapita kwenye ufungaji wa vizazi, anafika kwenye miaka ya 1990, wakati baadhi ya wanasiasa na waandishi wa magazeti walipopendekeza wanawake maskini wapewe fedha au wapunguziwe adhabu wakikubali kuwekewa vijiti vya Norplant mkononi. Anaeleza pia jinsi wanawake wajawazito waliotumia kokeini, wengi wao weusi, walivyofunguliwa mashtaka badala ya kupatiwa tiba.

Hoja yake kuu ni kwamba uhuru usio na usawa ni uhuru wa wachache. Sheria ya Marekani, asema, imeuelewa uhuru kuwa ni kuachwa peke yako na serikali. Tafsiri hiyo inamfaa mwenye daktari wake, nyumba yake na akiba yake. Asiye na vitu hivyo, akiachwa peke yake, ameachwa tu. Historia iliyofuata imeiunga mkono hoja hiyo kwa njia ya uchungu. Mnamo Juni 2022 Mahakama Kuu Kabisa iliitangua hukumu ya Roe, na haki iliyokuwa imesimama kwa miaka 49 ikaanguka kwa siku moja. Haki iliyotegemea mguu mmoja wa sheria haikuwa na mguu wa pili wa kusimamia.

Kasoro ya kitabu hiki ni kwamba vifo vya wajawazito havikupewa nafasi inayolingana na uzito wake. Roberts alishughulika na dola inayomzuia mwanamke kuzaa na inayomwadhibu akizaa. Dola inayomwacha afe akizaa haikuwa shabaha yake kuu. Sehemu hiyo ya hoja ilikuja kukamilishwa na kizazi kilichofuata.

TAKWIMU NA USHUHUDA

Kwa hesabu za idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia takwimu za afya, mnamo 2021 walikufa wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa sababu zinazotokana na uzazi, na wanawake weupe 26.6. Mnamo 2023 hesabu za wote zilishuka: weusi 50.3, weupe 14.5. Vifo vilipungua, lakini uwiano ulizidi kuwa mbaya. Mwanamke mweupe alikuwa amejipatia nafuu kubwa zaidi, na mweusi alikufa zaidi ya mara tatu kuliko mwenzake.

Tarakimu hizi zimekuwa silaha kubwa ya watetezi wa leo, wakiwemo Black Mamas Matter Alliance, ambao tangu 2018 wameitenga wiki moja kila mwezi wa Aprili kwa ajili ya afya ya akina mama weusi. Hapana shaka silaha hiyo imefanya kazi: mnamo 2020 miswada kadhaa juu ya jambo hili iliwasilishwa kwa pamoja katika Bunge la Marekani. Lakini tarakimu ina hatari yake. Humzoesha msomaji kumwona mama mweusi kuwa ni mgonjwa kwa asili, kana kwamba rangi ndiyo inayoua. Watetezi wenyewe wamelitambua hilo. Wanasisitiza kwamba kinachoua ni ubaguzi, na kwamba elimu na mali hazitoshi kumkinga mama.

Ndiyo maana ushuhuda wa Serena Williams, uliochapishwa mnamo 2018 katika jarida la Vogue, ulikuwa na uzito kuliko majedwali mengi. Williams alijifungua kwa upasuaji mnamo Septemba 2017. Kesho yake alishindwa kupumua vizuri. Kwa kuwa alikuwa amepata kuugua damu kuganda mapafuni, alijua kinachomjia, akamwambia muuguzi picha anayotaka kupigwa na dawa anayotaka kupewa. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Daktari akaanza kwa kumpima miguu, wasione kitu. Hatimaye alipopigwa picha aliyokuwa ameiomba, damu iliyoganda ilionekana mapafuni.

Hakuna mtu angesema kwamba Williams alikosa fedha, umaarufu, au haki yoyote iliyoandikwa. Alichokosa kwa saa hizo ni kusadikiwa. Kati ya Anarcha aliyepasuliwa mara 30 na Williams aliyeambiwa amechanganyikiwa kuna karne na zaidi, na hali zao hazilingani hata kidogo. Kinachowaunganisha ni kwamba neno la mwenye mwili halikuhesabiwa kuwa ni ushahidi juu ya mwili wake.

TATIZO LA ISTILAHI

Baada ya mapitio hayo, tofauti ya 'rights' na 'justice' haina budi kuwa wazi. Istilahi ya Chicago ina nguzo tatu: haki ya kutozaa, haki ya kuzaa, na haki ya kuwalea watoto katika mazingira salama. Nguzo ya kwanza ndiyo ya mjadala wa Roe. Ya pili ni ya Hamer. Ya tatu ni ya Sethe. Je, Kiswahili kizieleze vipi?

Kizingiti cha kwanza ni neno 'haki'. Kiswahili hulitumia neno hilo moja kwa maana ya dai la mtu mbele ya sheria, na kwa maana ya hali ya uadilifu kutendeka. Aidha ni jina la ngeli ya N, ambalo halibadiliki umbo katika umoja na wingi. Tofauti yote hubebwa na upatanisho wa kisarufi. 'Haki za uzazi' ni orodha: moja, mbili, tatu, nazo huweza kutolewa au kukatwa moja moja. 'Haki ya uzazi', endapo itatumiwa bila kubainishwa ni haki ya kufanya nini, huelekea kwenye maana ya pili, kama ilivyo katika 'kutenda haki' na 'kutafuta haki'. Herufi moja, 'z' au 'y', ndiyo iliyobeba ugomvi mzima wa 1994. Si ajabu mfasiri mwenye haraka ameiangusha njiani.

Baadhi ya wafasiri wanaweza kupendekeza 'uadilifu wa uzazi' au 'usawa wa uzazi'. Mapendekezo hayo hayafai. 'Uadilifu' ni sifa ya mtu mwema, na mwanamke anayekufa uzazini hadai wema wa mtu. 'Usawa' nao huacha swali: sawa na nani, na katika hali gani?

Kizingiti cha pili ni neno 'uzazi'. Kwa muda mrefu neno hili limeambatanishwa na upangaji. Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa kupanga uzazi mnamo 1967, na tangu hapo 'uzazi' katika mabango na redioni ni kitu cha kupunguzwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, imeitambua afya ya uzazi kuwa sehemu ya haki ya kila mtu ya kupata huduma bora za afya. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, 'uzazi' wa istilahi hizi zote huishia wodini.

Lakini Kiswahili cha watu hakiishii hapo. Wahenga wamesema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aidha Waswahili husema mwanamke 'analea mimba', wakionyesha kwamba ulezi huanza kabla ya mtoto kuonekana. Na chama cha Tanzania kijulikanacho kwa ufupisho wa UMATI hujiita kwa ukamilifu Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Waliolitunga jina hilo hawakuwa wakizifasiri hoja za Chicago, lakini waliyaunganisha maneno yale mawili ambayo Bambara na Morrison wameyalilia. Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa hapa ni 'haki ya uzazi na malezi', kwa umoja, na 'haki za uzazi' ibaki kuwa jina la orodha ya kisheria.

Kuna somo la tatu, nalo limo katika vitenzi. Kiswahili husema mama 'amejifungua'. Mzizi ni ule ule wa 'funga', ukatiwa kiambishi cha kutendua, na '-ji-' ikamfanya mama kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Akisemwa 'amezalishwa', mtenda ni mwingine. Vile vile 'amefunga kizazi' na 'amefungwa kizazi' ni habari mbili tofauti, ingawa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa ovyo. Kiambishi '-w-' ndicho kilichomfika Hamer. Mnamo Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumfunga kizazi mwanamke mmoja aishiye na virusi vya UKIMWI, bila ya idhini yake kamili, kulikuwa ni kuzivunja haki zake. Kesi hiyo nzima ilihusu '-w-' hiyo: je, alifunga, au alifungwa?

Hukumu hiyo inaonyesha kwamba maandishi ya wanawake weusi wa Marekani si habari za mbali. Lakini haifai kuyachukua kama yalivyo. Mwanamke wa Kenya hana historia ya sheria ya 1662, na mara nyingi kinachomwua ni umbali wa hospitali, upungufu wa damu ya kuongezewa, au kuchelewa kwa gari, zaidi ya rangi yake. Kinachoazimwa kutoka kwao ni namna ya kuuliza, si majibu.

HITIMISHO

Maandishi yaliyohakikiwa yameonyesha kwamba wanawake weusi wa Marekani waliifikia istilahi yao kwa kuandika, kusimulia na kushuhudia kwa muda mrefu kabla ya mkutano wa 1994. Insha iliuliza ni nani atakayelea. Riwaya ikaonyesha maziwa yaliyoporwa, simulizi ya mkunga ikakumbuka malezi ya jirani, sheria ikaonyesha uhuru usio na usawa, na ushuhuda ukaonyesha mama asiyesadikiwa. Istilahi iliyozaliwa na kazi hiyo yote haistahili kufasiriwa kwa kuandika lile lile lililokuwako kabla yake.

Mfasiri na mwanaisimu wa Kiswahili wana wajibu hapa ambao daktari na mwanasheria hawawezi kuwatimizia. Mama akiulizwa wodini anadai nini, na lugha ikawa imempa orodha tu ya huduma, atadai huduma, naye atajibiwa kwamba dawa zimekwisha. Lugha ikimpa neno la haki yenyewe, atauliza kwa nini zimekwisha, na kwa nini zimekwisha kwake.